Krismasi Matai: Pilau mezani, palizi shambani

Kuanzia wiki ya pili ya Desemba, stendi ya Matai hujaa asubuhi hadi jioni. Magari madogo yanayotoka Sumbawanga, mwendo wa kama kilomita 50 za lami, huingia yameinama upande mmoja kwa uzito wa mizigo: mabegi, ndoo za plastiki, katoni za sabuni, godoro lililokunjwa, na hapa na pale baiskeli ya mtoto iliyofungwa juu kwa mpira. Wanaoshuka ni watu wa nyumbani waliotawanyika kutafuta maisha Mbeya, Tunduma, Dodoma na Dar es Salaam. Watoto wao hujulikana kabla hawajafungua mdomo. Wamevaa fulana nyepesi, wamejikunyata, mikono wameificha kwapani. Dar walikotoka ni joto la kutoa jasho usiku kucha. Huku juu mvua ikinyesha mchana, jioni watu hukaa jikoni karibu na moto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sweta lako liko wapi?"

Salamu za namna hiyo husikika nyumba hadi nyumba. Mama aliyewafungia watoto nguo tatu mpya za sikukuu akasahau sweta moja ndiye atakayezunguka mitumba ya Matai kesho yake asubuhi, na bei ya mitumba wiki hiyo haina huruma.

Matai ni makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, iliyomegwa kutoka Sumbawanga Vijijini mwaka 2012. Mji umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, na njia zake hugawanyika hapo. Moja inateremka hadi Kasanga, bandari ya Ziwa Tanganyika ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg. Nyingine inakwenda Kasesya, mpakani na Zambia. Wafipa, Wamambwe na Walungu wameishi huku tangu zamani, na miaka ya karibuni wamekuja pia wafugaji wa Kisukuma na ng'ombe wao. Asiye wa huku huwa na neno lake moja la utani kuhusu Sumbawanga na uchawi. Wenyeji wamelizoea, na wengine humjibu kwamba jina lenyewe husemwa kuwa na maana ya kuutupa uchawi, si kuuleta.

Ugumu wa Krismasi ya Matai uko kwenye kalenda. Ufipa ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mahindi huvunwa kuanzia Mei, na miezi ya Juni na Julai ndiyo ya magunia, ya harusi na ya watu kucheka. Desemba haiko hivyo. Fedha ya mavuno imekwishageuka mbegu, mbolea na malipo ya vibarua. Mahindi yaliyopandwa mwishoni mwa Novemba yako kwenye kimo cha kutaka palizi ya kwanza, na magugu hayajui kwamba kuna sikukuu. Ndiyo maana asubuhi ya tarehe 24, kwenye nyumba ambayo jioni itakuwa na wageni kumi na wawili, mama yuko shambani tangu alfajiri, na jembe linarudi na tope mbichi saa ambayo mchele unachaguliwa.

Hapo kati ya jembe na sufuria ya sikukuu kuna mtoto mdogo.

Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi. Mahindi yake hununuliwa na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, hupanda malori kwenda mikoa mingine na mengine huvuka mipaka. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 49.8 ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Rukwa wamedumaa, yaani kimo chao ni kifupi kuliko umri wao unavyodai. Wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Mikoa iliyoitangulia Rukwa ilikuwa Iringa na Njombe, nayo ni mikoa ya chakula. Kuna nafuu, kwa sababu utafiti kama huo wa mwaka 2015 na 2016 ulikuwa umeikuta Rukwa kwenye asilimia 56. Hata hivyo karibu nusu ya watoto ni wengi mno kwa mkoa ambao ghala lake ndilo fahari yake.

Aliyedumaa huwa si mtoto mwenye njaa ya kuonekana. Anacheza, anacheka, tumbo lake limejaa. Limejaa ugali. Kilichokosekana ni samaki, yai, maharage, majani na tunda, na zaidi ya hapo idadi ya milo. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Wataalamu wa lishe wanasema mtoto wa miezi 6 hadi 8 apewe chakula mara mbili hadi tatu kwa siku pamoja na maziwa ya mama, na wa miezi 9 hadi miaka 2 mara tatu hadi nne, na kitu kidogo katikati. Mama anayeondoka na jembe saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa tisa, milo minne ataipika saa ngapi? Huo ndio mzizi wa jambo lenyewe, na haumalizwi kwa kumhubiria mama. Ana mikono miwili tu.

Sasa, Desemba ina kitu ambacho Februari haina. Shule zimefungwa. Kaka na dada wakubwa wako nyumbani hadi Januari. Mashangazi wamekuja, mawifi wamekuja, binti wa kazi wa mtu kaja na mwajiri wake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni wengi wa Krismasi hawafai kupewa jembe, maana watang'oa mahindi wakaacha magugu. Wanaweza kupewa mwiko, na hilo si dharau. Nyumba zinazoipita sikukuu vizuri ni zile ambazo bibi au mama mwenye nyumba, usiku wa kwanza tu wa wageni, anataja wazi nani atawapikia watoto wadogo wakati wengine wako shambani. Lisipotajwa, kila mtu hudhani mwenzake amefanya, na saa nane mchana mtoto wa mwaka mmoja na nusu anakutwa anatafuna kiporo cha ugali mkavu mlangoni.

Mpango wenyewe ni mwepesi. Uji upikwe kabla mama hajatoka, na wa mlo wa pili utiwe kwenye chupa ya chai. Dada wa miaka tisa anaweza kummiminia mdogo wake uji kutoka kwenye chupa. Kumwachia moto na sufuria inayochemka ni kutafuta majeraha, na Desemba watoto wengi huungua jikoni kwa sababu jikoni kuna watu wengi na kila mmoja anapita haraka. Mchana awepo mtu mzima mmoja nyumbani, hata akiwa ni shangazi anayesuka nywele za wenzake. Akisuka, sufuria ya maharage iko jikoni inaendelea.

Uji wenyewe uwe mzito, ukiuinua kwa kijiko usimwagike kama maji. Uji mwepesi hujaza tumbo bila kumpa mtoto nguvu. Ufipa ina bahati ya ulezi, na uji wa ulezi ni chakula cha heshima ambacho baadhi ya watu wa mjini sasa hununua kwa bei kubwa kwenye vipakti. Bibi anao kwenye kapu. Kinachobaki ni kuuongezea: kijiko cha karanga zilizosagwa, au yai linalokorogwa humo likaiva vizuri, au unga wa dagaa.

Dagaa hawa wanastahili maneno yao, kwa sababu ndio nyama rahisi kuliko zote kwa Matai. Wanatoka chini ziwani, Kasanga na vijiji vya jirani, na hupanda uwandani wakiwa wamekauka. Wavuvi huwavua usiku kwa taa, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haziwavuti tena, uvuvi unapungua, na bei sokoni hupanda. Mama anayejua hilo huangalia mwezi kabla ya kuangalia pochi, na hununua siku za giza. Akifika nyumbani anawachambua, anatoa vichwa na mchanga, anawakaanga bila mafuta kwenye chungu hadi wakatike kwa vidole, anawatwanga na kuwachekecha. Kopo moja lenye mfuniko unaobana linatosha mtoto kwa wiki kadhaa, kijiko kimoja cha chai kwenye kila bakuli. Kwa kuwa wanaliwa wazima, na mifupa yao imo. Mtoto wa mjini anayekataa harufu ya dagaa huwa hagundui kitu wakiwa kwenye mchuzi wa nyanya.

Na mboga za majani ziko tele msimu huu. Majani ya maboga, mchicha wa shambani, mlenda na majani machanga ya maharage vyote huchipua na mvua, vingine vikiwa palepale mama anapopalilia. Mtu anayerudi na jembe begani arudi na fundo la majani kwenye khanga. Uyoga nao hutoka, na masuku huiva kwenye misitu ya miombo, na jioni baada ya mvua kubwa kumbikumbi hujaa kwenye taa hadi watoto wanacheka kwa furaha wakikimbia na mabeseni ya maji. Kumbikumbi wakikaangwa kwa chumvi ni protini na mafuta, na hawana bei. Kwa uyoga kuna sharti. Usiokotwe na watoto wa mjini kwa kufananisha rangi. Uyoga wa kuliwa ni ule ambao bibi ameushika mkononi na kuutaja kwa jina lake, na bibi akisita, unatupwa.

Kuna jambo moja la kuwa mkali nalo: karanga au mahindi yenye ukungu. Msimu wa mvua ndio msimu wa unyevu, na ukungu huleta sumukuvu, sumu ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu mikoani Dodoma na Manyara, na hata ikiwa kidogo inahusishwa na magonjwa ya ini. Baadhi ya nyumba huchambua mahindi mazuri kwa ajili ya kuuza na kuacha yaliyovunda kwa ajili ya kula nyumbani au kukoroga uji wa watoto. Ni hesabu mbaya kuliko zote zinazofanywa mwezi huu.

Mkesha wa tarehe 24 hubadilisha sura ya mji. Ufipa ni nchi ya Wakatoliki kwa sehemu kubwa tangu wamisionari wa karne ya 19 walipofika ziwani, na kijiji cha Mwazye, wilaya hii hii ya Kalambo, ndiko alikozaliwa Kadinali Polycarp Pengo mwaka 1944. Yapo pia makanisa ya Moravian, Walutheri na ya Kipentekoste, na kila moja lina kwaya iliyofanya mazoezi tangu Oktoba. Misa ya usiku huisha watu wakiwa wamelowa, kwa sababu mvua ya Krismasi huku ni jambo la kutegemewa kama Krismasi yenyewe. Watoto waliosinzia hubebwa mgongoni chini ya khanga na mwavuli mmoja wa watu watatu. Kesho yake jumuiya ndogondogo hutembeleana, ubatizo hufanyika, na mafundi cherehani ambao hawakulala wiki nzima hatimaye hulala.

Mezani kuna wali au pilau, mara nyingi kwa mchele uliopandishwa kutoka bonde la Ziwa Rukwa, na kuku, mbuzi, ng'ombe au nguruwe. Nyama ya nguruwe inapendwa sana nyanda hizi na inauzwa kila pembe. Iive hadi ndani, isiwe na wekundu, kwa maana nyama mbichi ya nguruwe ina uwezo wa kuleta minyoo ya tegu, na mayai ya tegu yakisambaa kwa uchafu wa choo na mikono huweza kufika hata kwenye ubongo na kuleta kifafa. Hii si hadithi ya kutisha watoto. Ni tatizo linalojulikana katika nyanda za juu za kusini, na tiba yake ya kwanza ni moto wa kutosha, choo na sabuni.

Ila nyama inagawanywaje? Hapa ndipo desturi na lishe hugombana kimyakimya. Wageni hupakuliwa kwanza, kisha baba na wazee, na firigisi ya kuku ina mwenyewe tangu kuku akiwa hai. Watoto hupata shingo, miguu na mchuzi. Mchuzi ni mtamu, lakini si nyama, na mtoto wa miaka miwili anayepewa wali uliolowekwa mchuzi amekula wali. Hakuna anayesema baba anyimwe paja. Maini ya kuku ni laini, yana madini ya chuma, na mtoto asiye na meno ya kutosha anayaweza. Wapo wapishi wa Matai ambao siku hizi huyatoa sufuriani mapema, wakayaponda na wali kwenye kibakuli, na mtoto akawa amekwishakula na kulala kabla wageni hawajanawa mikono. Mtoto aliyekula mapema pia hamsumbui mtu mezani. Wazee wamelipokea hilo bila neno.

Nyama iliyobaki usiku ichemshwe tena hadi itokote kabla ya kulala na asubuhi kabla ya kuliwa. Isiyo na nafasi kwenye jokofu la jirani ibanikwe. Kuharisha ndiko kunakomaliza kwa siku tatu kile ambacho mtoto alikipata kwa wiki mbili.

Tarehe 26 ni ya matembezi, na wenye usafiri hupenda kuwapeleka watoto maporomoko ya Kalambo. Mto Kalambo, ambao ni mpaka wa Tanzania na Zambia, hapo huanguka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 200 kabla ya kwenda Ziwa Tanganyika. Msimu wa mvua maji huwa mengi na sauti husikika kabla ya kuonekana kitu. Wakala wa Huduma za Misitu ndio wanaolitunza eneo hilo, na kuna ngazi za kuteremkia. Mwezi huu ngazi huwa na utelezi. Mtoto wa chini ya miaka kumi ashikwe mkono na mtu mzima wake mwenyewe, asiachwe na kundi la binamu, na viatu vya sikukuu vyenye soli laini vibaki nyumbani. Wakubwa kidogo watafurahi wakiambiwa kwamba juu ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, watafiti walifukua magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa kwa mikono ya binadamu wa kale, na mwaka 2023 walitangaza kwamba umri wake ni kama miaka 476,000. Mtoto mmoja katika kila gari huuliza kama watu hao walikuwa na Krismasi.

Wanaoteremka hadi Kasanga kuogelea wakumbuke kwamba huko ni joto na mbu ni wengi kuliko uwandani. Watakaolala wabebe chandarua. Na popote walipo, radi ikianza, watoto watoke majini, watoke shambani, wasijifiche chini ya mti. Radi za Rukwa si za mzaha. Utani wa watu wa mbali kuhusu nani kaituma hausaidii kitu. Kinachosaidia ni kuingia ndani ya nyumba au gari na kusubiri.

Usiku nao una hatari yake, na hii huwakuta zaidi wageni waliozoea joto. Baridi ikizidi, mtu huingiza jiko la mkaa chumbani, akafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hastuki. Jiko libaki nje au kwenye jiko lenye upenyo. Mtoto alale katikati ya wakubwa, avae soksi, na blanketi la bibi litolewe sandukuni hata kama linanuka dawa ya nondo.

Baada ya tarehe 26 mazungumzo ya wakubwa huhamia kwenye ghala. Yanafanywa kwa sauti ndogo, kwa sababu ni ya aibu kidogo. Nyumba nyingi hugundua wiki hiyo kwamba magunia yamepungua kuliko yalivyodhaniwa. Wageni wamekula, mengine yaliuzwa Desemba ili watoto wapate nguo, mengine yametobolewa na dumuzi na kubaki unga.

Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Kutoka Krismasi hadi katikati ya Mei ni wiki 20. Familia inayomaliza debe moja la mahindi kwa wiki inahitaji madebe 20, ambayo ni magunia matatu na ziada, ikiwa haitegemei mahindi mabichi ya kuchoma na kuchemsha yanayoanza kupatikana kuelekea Machi. Magunia hayo yakishawekwa kando na kutajwa mbele ya familia kwamba hayaguswi, ndipo yanayobaki yanaweza kuitwa ya sikukuu. Anayefanya kinyume, akauza kwanza, hununua debe Februari kwa bei ya juu, au hukopa fedha na kulipa gunia zima wakati wa mavuno, gunia ambalo siku hiyo litakuwa na thamani kubwa kuliko mkopo wenyewe. Na nyumba inayonunua mahindi Februari haibakizi fedha ya yai. Anayelipa deni la nguo ya Krismasi huwa ni yule yule mtoto wa bakuli la uji.

Yaliyowekwa kando yakae juu ya chanja, mbali na ukuta unaovuja, na yawe makavu kabisa kabla ya kufungwa. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo wengi huiita kinga njaa, huua wadudu bila dawa, kwa sharti kila mfuko wa ndani ufungwe peke yake, hewa ikamuliwe, na usifunguliwe kila wiki kuchungulia. Familia ianze kula ya magunia ya kawaida, na ya kinga njaa ibakishwe kwa Machi.

Desemba pia ndiyo miezi ambayo vikundi vingi vya VICOBA huvunja mzunguko na kugawana. Fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, wiki mbili kabla ya Krismasi, ni mtihani. Elimu ya msingi na sekondari haina ada katika shule za serikali, lakini sare, madaftari, viatu na michango havijaondoka. Mama wenye uzoefu hupita kwa fundi siku ile ile ya kugawana, kabla hawajafika nyumbani, wakaagiza sare na kumwambia fundi aache pindo refu la kushusha. Januari foleni kwa fundi ni ndefu na kitambaa kimepanda bei. Kinachobaki mfukoni baada ya hapo ndicho kinachonunua mchele.

Jingine la mwezi huu ni la bure. Kila Juni na Desemba watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupewa matone ya vitamini A kwenye vituo vya afya, na waliotimiza mwaka mmoja hupewa dawa za minyoo. Mtoto aliye safarini anaweza kupata huku huku alikofikia, ilimradi kadi ya kliniki imesafiri naye. Kadi nyingi hubaki kwenye droo Dar es Salaam. Na mtoto wa nyumbani apimwe uzito kabla wageni hawajaondoka, wakati kuna mtu wa kumshikia mama jembe kwa saa mbili.

Mwaka Mpya hupita kwa misa nyingine, muziki mwingine na nyama kidogo kuliko ya Krismasi. Palizi inaendelea. Kufikia Sikukuu ya Mapinduzi, tarehe 12 Januari, stendi ya Matai imekwishajaa tena, safari hii magari yanaelekea upande wa pili. Mizigo imebadilika: magunia ya maharage, unga wa ulezi, kuku wawili waliofungwa miguu, sweta la mtumba ambalo mtoto wa Dar hataki kulivua hata kama akifika Mbagala atalowa jasho. Dada wa miaka tisa ana sare yenye pindo refu na daftari jipya. Kesho hatakuwepo nyumbani saa nne kummiminia mdogo wake uji.

Shangazi anayepanda gari la kwanza humshika bibi mkono dirishani. Amemwachia chupa ya chai aliyokuja nayo, na kopo la dagaa liko rafu ya juu, limejaa. Mwezi mchanga ulikuwa wiki iliyopita, kwa hiyo anayetaka kuongeza anunue sasa, kabla haujawa mkubwa tena.

"Nimesikia, mwanangu," bibi humjibu. "Nendeni salama."